Nondo uani: shajara ya kulifuata Jua mwaka mzima, Bagamoyo 2024

(Saa zote humu ni saa za Kiswahili. Bei ni shilingi za Tanzania.)

Jumamosi, 3 Februari

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa darasa la tano aliniuliza kwa nini Januari tunatokwa na jasho na Julai tunajifunika shuka. Dada yake akawahi kumjibu: Januari Jua liko karibu, Julai liko mbali. Nikataka kumkosoa, nikasita, maana kuhusu umbali alisema kweli. Mwanzoni mwa Januari Dunia huwa karibu kabisa na Jua, kilomita milioni 147 hivi, na mwanzoni mwa Julai huwa mbali kabisa, kilomita milioni 152. Ila majira hayatoki huko, na sikuona namna ya kumweleza kwa maneno matupu akaniamini.

Nimefundisha jiografia miaka 31. Kila mwaka nilichora Dunia nne ubaoni zikilizunguka Jua, wanafunzi wakanakili, mtihani ukapita. Sikumbuki hata mara moja nilipowatoa nje wakatazame Jua lenyewe linakwendaje. Jambo hilo linaniuma tangu nistaafu, na ndiyo sababu ya kazi hii.

Mpango ni mwepesi: nondo ya milimita 12 imesimama uani, mita moja kamili juu ya sakafu ya saruji yenye urefu wa mita 1.5 na upana wa mita 1.2. Kila wiki tunatia alama ncha ya kivuli cha mchana. Jirani yangu fundi alimaliza sakafu jana. Nondo 5,000, saruji mfuko mmoja 17,000, mchanga na kokoto 8,000, ufundi 15,000. Jumla 45,000.

Alama ya kwanza tumeitia leo saa sita kamili. Kivuli kilikuwa karibu sentimita 25 na kilielekea kaskazini-magharibi. Nilitarajia kielekee kaskazini moja kwa moja.

Jumapili, 11 Februari

Kosa la kwanza ni langu: niliamini saa ya ukutani. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, na Bagamoyo iko karibu 38.9. Dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa, yaani dakika nne kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo Jua hufikia kilele chake kwetu dakika 24 baada ya saa kusema sita. Juu ya hizo, mwezi huu kuna dakika nyingine 14 ambazo nitazieleza Novemba tukifika huko.

Kosa la pili ni la dira. Fundi alipanga sakafu kwa dira ya simu huku ameshika nondo mkononi, na chuma kikaivuta dira. Sakafu imekaa upogo. Haidhuru, kwa sababu mstari wa kaskazini na kusini tumeuomba kwa Jua lenyewe, na hii ndiyo njia ninayomshauri yeyote atakayeiga:

Chora duara, nondo ikiwa katikati. Letu lina nusu kipenyo cha sentimita 50. Asubuhi kivuli huwa kirefu, hufupika, na ncha yake hugusa duara ikiingia ndani. Tia alama. Alasiri hurefuka tena na kuligusa duara ikitoka. Tia alama ya pili. Unganisha alama mbili kwa uzi, tafuta katikati ya uzi, kisha piga mstari kutoka hapo hadi kwenye nondo. Jana kivuli kiligusa saa 4:55 na saa 8:22. Katikati yake ni saa 6:38 na nusu. Hiyo ndiyo saa sita ya kweli ya Bagamoyo kwa sasa.

Alama ya wiki iliyopita tumeifuta.

Jumapili, 3 Machi

Saa 6:36 kivuli kimekwisha. Tuliweka chupa, ndoo, mchi wa kinu, vyote vikasimama bila kivuli pembeni. Watoto wa jirani walijaa uani wakirukaruka kutafuta vivuli vyao na kuvikuta chini ya nyayo. Watu husema jua la utosi kila siku ya joto, ila la utosi hasa Bagamoyo huja mara mbili tu kwa mwaka, leo na mwanzoni mwa Oktoba. Tangu Oktoba Jua lilikuwa upande wetu wa kusini. Kesho litakuwa limehamia kaskazini, na kivuli kitaanza kulala kusini.

Shida niliyoiona leo: ncha ya kivuli haina ukingo. Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo ncha ya nondo ya mita moja hutoa ukungu wa karibu sentimita moja. Mjukuu mkubwa na mdogo walitia alama zilizopishana milimita sita, na sikuweza kusema nani kakosea.

Jumatano, 20 Machi

Siku ya usiku na mchana kulingana, au ndivyo nilivyofundisha. Ni Ramadhani, nyumba nzima iko macho kwa daku, kwa hiyo baada ya swala tulishuka pwani kusubiri Jua litoke baharini. Ukingo wake wa juu ulitokeza saa 12:28. Jioni, wakati wa kufuturu, kila mtu mtaani alikuwa akilingoja lizame kama sisi: saa 12:35. Mchana wa saa 12 na dakika saba.

Nilidhani tumekosea kusoma saa. Hatukukosea. Hewa hupinda mwanga, hivyo tunaliona Jua kabla halijafika juu ya upeo na baada ya kuushuka. Tena tunahesabu ukingo wake wa juu, si kitovu. Hayo mawili ndiyo dakika saba.

Kivuli cha mchana: sentimita 11.3, upande wa kusini. Kipindi hiki ncha inahama milimita saba kila siku, unaiona kwa macho. Ninakaza jambo hili kwa sababu Juni itakuwa kinyume.

Jumapili, 28 Aprili

Mwezi mbaya. Masika ya mwaka huu yamekuwa makali, na kati ya mchana 30 tulipata Jua kwenye mstari mara tano tu. Hata hizo tano nimezitupa.

Jana kivuli kiligusa mstari saa 6:19. Ratiba ya swala iliyobandikwa jikoni ilisema Jua lingepinduka saa 6:22 (adhuhuri haiingii mpaka lipinduke, kwa hiyo ratiba ile ni kipimo kizuri kwa kazi hii). Dakika tatu ni nyingi mno. Fundi akaleta timazi, akaining'iniza kileleni: nondo imeinama mashariki sentimita 1.4. Maji yalikuwa yamekula udongo chini ya sakafu, maana mwanzoni tuliizika nondo sentimita 15 tu kwa kubana matumizi. Alama zote tangu mwisho wa Machi haziaminiki, na hatujui ilianza kuinama lini.

Jumamosi, 11 Mei

Tulisubiri kimbunga Hidaya kipite (kilitua Mafia tarehe 4), kisha tukaanza upya. Shimo la sentimita 50, zege mpaka juu, timazi pande mbili. Tukiwa hapo hapo tukatibu na ule ukungu wa ncha: fundi alichomelea kileleni mkono wa bapa wa sentimita 15 unaoelekea mashariki, na mwishoni mwake washa (pete bapa ya bolti) yenye tundu la milimita 6, imelala mlalo. Sasa hatusomi kivuli bali doa la mwanga ndani ya kivuli cha washa. Ni duara dogo, na kitovu chake unakipata bila ubishi. Wajukuu wawili wamepima kila mmoja peke yake, wakapishana milimita moja.

Zingatieni mambo mawili. Kimo kinachohesabiwa ni cha tundu, si cha nondo, na letu liko sentimita 100.0 juu ya sakafu. Tena kitovu cha vipimo si mguu wa nondo tena, ni nukta iliyo chini ya tundu. Tuliipata kwa timazi, tukapiga mstari mpya wa kaskazini na kusini kupitia hapo kwa njia ile ile ya duara. Gharama ya matengenezo: 20,000.

Jumamosi, 1 Juni

Leo sebuleni, kwa sababu uani wameona linavyokwenda Jua na sasa wanataka kujua kwa nini. Mpira wa plastiki 3,000, globu ya taa 2,500, spoku ya baiskeli 500. Spoku imetoboa mpira ikawa mhimili. Globu mezani ndiyo Jua.

Kosa la kwanza lilikuwa globu yenyewe: ilikuwa ya aina inayomulika mbele tu. Tulibadilishana na jirani tukapata inayomulika pande zote. La pili, kuta nyeupe zilirudisha mwanga, upande wa usiku ukawa na mchana nusu. Kanga tatu nyeusi na mapazia zimemaliza hilo. La tatu, mdogo aliuzungusha mpira kinyume. Nilimwekea kipini Bagamoyo na kingine Kigoma, nikamwambia Bagamoyo lazima iione taa kwanza, kwa dakika 37 hivi, ingawa saa zetu ni moja. Akageuza mwenyewe: magharibi kwenda mashariki.

Lililotuchukua saa nzima ni la mhimili. Nilimpa mkubwa mpira, spoku imeinama nyuzi 23 na nusu, nikamwambia aizunguke meza. Kila alipofika, aliigeuza spoku kichwa kielekee taa, kwa kuwa mwili wake ulikuwa unatazama taa. Matokeo yake nusu ya kaskazini ilikuwa na kiangazi mwaka mzima. Nilimsahihisha mara nne kwa maneno, akarudia mara nne. Nikakumbuka sura za wanafunzi wangu wa zamani, nikajua kwamba na wao walikuwa wakiona hivi hivi vichwani mwao na mimi sikujua.

Kilichosaidia: nilibandika karatasi nyekundu juu ya kabati, nikasema spoku ilenge karatasi hiyo popote utakapokuwa. Karatasi ni mahali pa Nyota ya Kaskazini, ambayo sisi hatuioni, iko chini ya upeo wetu. Akazunguka tena, taratibu. Upande mmoja wa meza kichwa cha spoku kiliinamia taa, upande wa pili kiliikwepa, na katikati ya pande hizo hakikuinama wala kukwepa. Alisimama akasema, "Bibi, haijainuka wala kulala. Ni sisi tumehama." Ndivyo ilivyo. Mhimili haubadiliki. Dunia inahama pembeni mwa Jua huku imeinama upande ule ule, na umbali haujaguswa kabisa katika mchezo wote.

Ijumaa, 21 Juni

Saa 6:26: sentimita 57.4 kusini. Jana ilikuwa hiyo hiyo. Doa limesimama. Machi lilikimbia milimita saba kwa siku, sasa kwa siku 10 halitahama hata sentimita moja. Jua limefika ukingoni mwa safari yake ya kaskazini na linageuza.

Mtoto wa kaka yangu anaishi Muscat. Nilimwomba leo, kwa kuwa kwao ni mapumziko, asimamishe chupa juu ya paa mchana. Akapiga simu: "Shangazi, chupa haina kivuli, na mimi siwezi kukaa hapa zaidi, joto limepita nyuzi 40." Muscat iko karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, mstari wa mwisho wa kaskazini ambako Jua hufika utosini, na leo ndiyo zamu yao ya jua la utosi.

Tukafanya jaribio la tochi juu ya karatasi ya miraba. Tochi wima humulika duara dogo lenye mwanga mkali. Ukiinamisha, mwanga ule ule unasambaa kwenye miraba mingi, kila mraba unapata kidogo. Kwa hesabu, Jua letu la mchana leo linaipa ardhi asilimia 87 ya nguvu ambayo lingetoa likiwa wima, na Desemba litatoa asilimia 96. Tofauti ni ndogo, ndiyo maana kipupwe chetu ni shuka moja tu. London Desemba wanapata kama asilimia 26, na mchana wao unakuwa wa saa nane tu. Ila leo hii Jua la London mchana liko juu kidogo kuliko la Bagamoyo. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili kabla ya kuiandika: sisi tuko nyuzi 29.9 kutoka utosini, wao 28.1.

Ijumaa, 5 Julai

Siku niliyoingoja tangu Februari. Leo asubuhi Dunia ilikuwa mbali kabisa na Jua kwa mwaka huu. Bagamoyo kuna ubaridi na kusi linavuma, kwa hiyo mwenye hoja ya umbali angeshinda kwa urahisi. Kwetu tulio kusini mwa ikweta kosa hili lina ushahidi wa uongo, ndiyo maana linakaa vichwani. Sikusema kitu. Nilimpa mjukuu mkubwa simu ampigie mjomba wake Muscat aulize hali ya hewa. Alisikiliza, akakata simu, akakaa kimya, kisha akasema: "Jua lingekuwa mbali na sisi, lingekuwa mbali na wao pia." Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

Kisha tukachora njia ya Dunia uani kwa kipimo: misumari miwili, umbali wa sentimita 3.3 kati yake, uzi wa mita mbili umefungwa kwenye misumari yote miwili, kijiti kinauvuta uzi na kuchora. Tukatafuta ubapa wa duara kwa futi kamba, hatukuupata. Kwa kipimo hicho ubapa ni zaidi kidogo tu ya unene wa karatasi. Jua, yaani msumari mmoja, liko kando ya kitovu kwa chini ya sentimita mbili. Vitabu huchora yai refu ili mchoro uonekane kwa ubavu, na yai hilo ndilo linaloponza watoto. Tofauti ya umbali ipo, na mwanga wa Januari unazidi wa Julai kwa karibu asilimia saba, lakini unaifikia Dunia yote kwa pamoja.

Jumatano, 9 Oktoba

Doa limerudi kwenye nukta, saa 6:12. Septemba ilipita bila tatizo, vipimo vimekaribia sana vile vya Machi.

Alikuja mzee mmoja wa mtaani, nahodha wa zamani. Nilimwamkia, nikampa kiti, akatazama mstari kwa muda mrefu. Akaeleza jinsi wazee wake walivyohesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, yaani siku ya mwaka mpya wa Jua, kwa sababu miezi ya mwandamo hurudi nyuma siku 11 kila mwaka na haimwambii mvuvi upepo wala mkulima mvua. Makunduchi bado wanausherehekea mwaka huo wa Jua kila Julai. Sikuwahi kuwaunganishia wanafunzi wangu mambo haya mawili, Nairuzi na mhimili ulioinama, ilhali ni jambo moja.

Jumapili, 3 Novemba

Deni la Februari. Leo Jua limegusa mstari saa 6:08. Februari lilikuwa linagusa saa 6:38. Nusu saa nzima, na nondo haijaguswa, timazi imethibitisha.

Sababu ni mbili. Dunia ikiwa karibu na Jua hukimbia zaidi kwenye njia yake, ikiwa mbali hupunguza mwendo. Ikijizungusha mara moja, kwa saa 23 na dakika 56, inakuwa imesogea mbele, hivyo inabidi igeuke kidogo zaidi ili Jua lirudi pale pale. Hizo ndizo dakika nne zinazotimiza saa 24. Mwendo usipokuwa sawa, nyongeza hiyo nayo haiwi sawa. Sababu ya pili ni mwinamo ule ule wa mhimili, unaofanya Jua lipite angani kwa mshazari kwa miezi fulani. Saa ya ukutani huchukua wastani wa mwaka, Jua halichukui. Anayetaka kuiga asijaribu kupima kwa saa moja ile ile mwaka mzima, doa litamchorea namba nane.

Jumamosi, 21 Desemba

Mwaka huu Jua limefika ukingo wake wa kusini saa 6:21 mchana, na kwenye mstari wetu limepita saa 6:22. Watoto walikuwa wamepiga magoti kuzunguka sakafu. Sentimita 30.7, upande wa kaskazini.

Hesabu tumeifanya hapo hapo chini. Juni 57.4 kwa kimo cha 100 ni pembe ya nyuzi 29.9. Leo 30.7 ni nyuzi 17.1. Jumla 47.0, gawa kwa mbili: 23.5. Huo ndio mwinamo wa Dunia (vitabuni 23.4). Tofauti ni 12.8, gawa kwa mbili: 6.4. Hiyo ndiyo latitudo ya Bagamoyo. Mdogo alirudia kugawa mara tatu, hakuamini kuwa namba ya kitabuni imetoka uani kwa bibi yake.

Nahodha alikuwepo. Tumempa brashi na rangi (4,000) aandike majina kwenye mstari. Ncha ya kaskazini, ambako doa liko sasa, ameandika *kaskazi*: Jua liko kusini na upepo unalifuata kutoka kaskazini, ule ulioleta majahazi ya Arabuni. Ncha ya mbali ya kusini ameandika *kusi*, upepo wa kuwarudisha, Jua likiwa limepasha bara la Asia. Karibu na nukta ameandika majina mawili kwa sababu Jua hupita hapo mara mbili: *masika* kwa safari ya kwenda kaskazini, *vuli* kwa ya kurudi. Mvua hulifuata Jua ikiwa imechelewa kidogo, kwa hiyo aliyasogeza maneno mbele ya nukta, kila moja upande linakokwenda doa.

Jumla ya gharama zote: 75,000. Anayeanza sasa kwa shimo la sentimita 50 na washa tangu mwanzo ataokoa kama 15,000, na mwezi mzima wa vipimo.

Jumanne, 31 Desemba

Sentimita 30.0. Limerudi milimita saba. Mjukuu mkubwa amepima peke yake kabla sijatoka jikoni, ametia alama, na pembeni ameandika kwa penseli 2025.